Kadi ya Alhamisi Kuu

Mjini Tynset, huko Norwei, mtu akitaka kununua kadi ya picha, kile kipande kinachoichorea skrini picha zake, kwa ajili ya kompyuta yake ya gemu, hakuanzia dukani. Alianzia kwenye kiti cha Eldrid Haugli, akafungwa kitambaa shingoni, na huku mkasi ukimpita masikioni akaulizwa maswali. Skrini yako ina ukubwa gani? Kasha la kompyuta lina nafasi kiasi gani ndani? Umeme wake unabeba mzigo upi? Unacheza nini hasa, mpira, vita, au zile za kulima shamba? Kunyoa kukiisha, mtu alitoka na kichwa chepesi na jina la kadi moja, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Eldrid hakuwa mtu wa kusitasita. Saluni ilikuwa yake, nyumba yake, na mume waliachana zamani bila ya kurushiana vyungu. Binti yake wa pekee, Synne, alimlea hapo hapo, na gemu ndiyo iliyowashika pamoja katika ule umri ambao binti hataki kusikia hata kikohozi cha mama yake. Synne alikuwa akirudi shuleni amenuna, anajifungia chumbani, chakula anakula baridi. Eldrid aliona kugonga mlango hakutafaa. Akanunua kompyuta ya pili, akaiweka sebuleni, akaingia kwenye gemu ile ile aliyokuwa akiicheza mwanawe.

Gemu iliitwa Wapagazi. Watu wawili wanabeba mizigo kuvuka milima, na hakuna anayefika bila ya mwenzake. Siku ya kwanza Synne aliona mpagazi mgeni asiyejua hata kuruka jiwe anamfuata nyuma, na alipotambua ni nani, kicheko chake kilisikika mpaka sebuleni. Tangu siku hiyo, maneno yaliyokuwa hayasemeki mezani yakawa yanasemwa njiani, macho ya wote wawili yakiwa mlimani. Wenyewe husema aibu ya mwanadamu iko machoni, na ndivyo ilivyo.

Sasa Synne alikuwa mtu mzima, fundi wa mitambo huko Bodø, mbali kaskazini, na alikuwa amepata kazi katika kisiwa kimoja cha katikati ya bahari, ambacho hakina watu ila wale wachache wa kituo cha hali ya hewa. Angekaa huko tangu Pasaka mpaka majani yaanze kupukutika. Mtandao wa kisiwani, alivyoambiwa, ni wa kutuma vipimo na salamu, gemu asahau. Ndege yake ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pasaka. Na Wapagazi wa Pili, gemu waliyoingoja tangu Synne yuko shule, ilikuwa inatoka jioni ya Alhamisi Kuu. Ikabaki Ijumaa peke yake, siku moja tu ya mama na binti kuingia njiani pamoja kabla ya kupotezana. Eldrid alimwahidi kwa simu kwamba atakuwepo, naye si mtu wa kuahidi hovyo.

Tatizo lilikuwa kadi. Ile aliyokuwa nayo ilimtumikia vizuri, lakini memori yake ilikuwa ndogo, na gemu mpya ingeikokota kama mzee anayepandishwa ngazi. Eldrid alitaka kuiona ile nchi mpya pamoja na mwanawe jinsi ilivyo, si nusu yake.

Ng'ambo ya barabara alikaa Asgaut, mstaafu wa reli na mjane, mchezaji naye. Huyu alikuwa na dini moja katika mambo ya kompyuta: kusubiri. Kadi mpya ikitoka, yeye alikuwa ameshasikia habari za itakayofuata. Hiyo ikitoka, alikuwa na habari za nyingine. Kwa hiyo kadi yake ilikuwa ya zamani kiasi kwamba hata jina lake vijana walikuwa hawalijui. Mwanzoni mwa juma lile la kabla ya Jumapili ya Matawi alikuja kunyolewa, jambo la nadra, maana nywele nazo alikuwa akizisubirisha.

Alipoketi akaanza kumpa Eldrid mawaidha. Kampuni inatangaza matoleo mapya Jumatatu ya Juma Kuu, alisema, na mwenye akili hagusi kitu sasa hivi. Subira huvuta heri.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Eldrid akamjibu, akimkandamiza kichwa kifuani apate kisogo. "Wewe Asgaut, ukialikwa harusini utasema unasubiri kwanza watoto wao waoe."

Wateja waliokuwa wakingoja wakacheka, na Asgaut mwenyewe akatikisika chini ya kitambaa.

Kisha Eldrid akamweleza mpango wake mwenyewe, alivyoupanga kama anavyowapangia watu wengine. Kadi ya zamani inauzwa kabla ya tangazo, kwa sababu siku ya tangazo bei ya mitumba huporomoka kama theluji ya juu ya bati jua la Machi likiipiga. Tangazo likishatoka, maduka hukimbilia kuondoa kadi za toleo lililopo, na hapo ndipo yeye anachukua. Na hachukui lile dude kubwa kuliko yote, lenye feni tatu, ambalo kasha lake halina pa kulilaza na umeme wake haulimudu. Anachukua ya katikati, yenye memori ya kutosha.

"Kadi inanunuliwa kwa kipimo cha skrini, si kwa kipimo cha majivuno," alisema. "Kadi kubwa kwenye skrini kama yangu ni kuchinja kondoo mzima ukala na paka."

Asgaut aliuliza, na katika siku hizo za katikati, baada ya kuuza na kabla ya kupokea, kompyuta yake itaonyesha nini? Eldrid alisema haitaonyesha kitu. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, aliyoichagua ni ile ya bei nafuu, ambayo haijui kuchora hata nukta. Kazi ya kuchora yote ameiachia kadi. Basi skrini italala siku chache, nayo itakuwa imepumzika.

Na mambo yakaenda kama alivyosema, mpaka wateja wake wakawa wanamtazama kama mtabiri. Kadi ya zamani ilichukuliwa na bwana mmoja kutoka Trondheim, aliyekuja kwa treni, akaikagua, akaikumbatia, akarudi kwa treni. Jumatatu tangazo likatoka. Kabla ya saa ya chakula cha mchana bei za toleo lililopo zikaanza kushuka, na duka moja la Ujerumani likashusha kuliko yote. Eldrid alimwacha mteja na rangi kichwani, akaenda nyuma ya pazia, akaagiza. Duka lile alishanunua kwao zaidi ya mara moja, na siku wanayoitaja ndiyo siku kitu kinapofika. Safari hii walitaja Alhamisi. Akarudi akaiosha ile rangi bila kuunguza hata nywele moja, akiimba puani.

Jumatano mchana akafunga saluni. Kama kila mwaka aliandika karatasi kwa mkono wake, akaibandika mlangoni: Tumefunga kuanzia Alhamisi Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, tunawatakia Pasaka njema. Akapitia dukani kununua machungwa na chokoleti na nyama ya kondoo, akisukumana na mji mzima, kwa kuwa kesho yake hakutakuwa na duka lililo wazi. Magari yenye ski juu ya paa, zile mbao za kutelezea thelujini, yalikuwa yameshaanza kuelekea vibanda vya mapumziko mlimani. Eldrid akawapungia mkono watu, akaenda zake kuisubiri Alhamisi.

Alhamisi ikafika, ikatulia. Alikuwa amelifungua kasha la kompyuta na kuliweka mezani, bisibisi pembeni, kitambaa safi kimetandikwa mahali pa kuilaza kadi. Kila gari lililopita alilisikiliza. Magari yenyewe yalikuwa mawili matatu, yote yana ski. Kengele ya kanisa ikalia, watu wakaenda, watu wakarudi. Mwishowe akachukua simu kuangalia mzigo wake uko wapi, na simu ikamwambia mzigo uliingia Oslo jana jioni na utaendelea na safari Jumanne.

Akasoma tena. Kisha akakaa.

Mjerumani hakusema uongo. Kwao Alhamisi ile ni siku ya kazi kama Jumatano, mtu anaamka anakwenda kazini. Kwa Wanorwei Alhamisi Kuu hata barua haigeuki upande wa pili. Eldrid alijua hivyo tangu anazaliwa. Ameifunga saluni yake mwenyewe, ameiandika kwa kalamu yake mwenyewe, ameibandika kwa gundi, halafu amekaa dirishani kumngoja mtu wa mizigo.

Alicheka kwanza, peke yake, kicheko cha kweli. Halafu kicheko kikaisha, akamkumbuka Synne.

Alimpigia yule bwana wa Trondheim amwombe kadi yake ya zamani walau kwa siku moja. Simu ilikuwa imezimwa, mtu yuko mlimani. Alipiga kwa mteja huyu na yule, kila mmoja yuko kwenye kibanda chake, kompyuta imefungiwa nyumbani na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali ya ski. Jioni Synne mwenyewe akapiga, sauti imejaa furaha, gemu imetoka na ameshaishusha ila hajaifungua, anamngojea. Eldrid alimwambia kesho saa nne asubuhi, bila kukosa. Hakumwambia habari ya Oslo. Hakuona sababu ya kumpa mtoto tatizo ambalo yeye bado hajamaliza kulitatua.

Katika mtaa mzima taa iliyokuwa ikiwaka ni moja tu. Asgaut hakwenda mlimani. Alikuwa anasubiri theluji itulie.

Ijumaa asubuhi Eldrid alivuka barabara. Alimkuta jikoni na kahawa yake na mkate wa jibini la kahawia. Alimweleza yote kuanzia mwanzo, bila kuyapaka sukari, na Asgaut akasikiliza mpaka mwisho, akammiminia kikombe. Furaha ilikuwa inamtekenya mbavu lakini aliizuia kwa adabu.

"Basi sema neno moja tu," alimwambia. "Sema ulipaswa kusubiri, halafu kadi yangu uichukue."

"Sisemi."

"Umekuja kuomba chumvi, na masharti uweke wewe?"

"Nisikilize, mzee wangu. Kadi niliyochagua ndiyo yenyewe. Wakati niliouchagua ndio wenyewe. Nilichokosea ni Alhamisi, na kuiacha ya zamani itoke mkononi kabla mpya haijaingia. Hayo nayakubali, ni yangu, nenda kayatangaze kituo cha treni. Lakini kusubiri, hapana. Mtoto anaondoka. Nikisubiri, nasubiri nini?"

Asgaut akazungusha kikombe chake juu ya meza. Furaha ile ya mbavuni ilikuwa imemtoka.

"Ndege yake saa ngapi?" akauliza.

"Kesho mchana."

Akainuka, akavuta droo, akatoa bisibisi.

Kompyuta ya Asgaut ilikuwa chini ya dirisha, nzito kama jiko la chuma. Walipoifungua, ile kadi ilikuwa na feni moja, na vumbi lilikuwa limeilalia kama manyoya ya paka. Mwenyewe aliona haya, akasema alikuwa akisubiri kuisafisha. Wakavuka barabara kurudi kwa Eldrid, Asgaut na kadi yake mikononi kama mtu aliyebeba mayai, na Eldrid akachukua ile brashi laini ya kufutia nywele shingoni mwa wateja, akaisugua pole pole mpaka chuma kikaonekana. Akaichomeka mahali pake. Akaunga waya wa umeme.

"Itakohoa," Asgaut akaonya. "Ikikohoa usiogope, ndivyo inavyoamka."

Ikakohoa kweli. Feni ikapiga kelele, ikatulia, ikapiga tena. Skrini ikabaki nyeusi muda mrefu, mpaka Asgaut akaanza kukuna kidevu, halafu nuru ikatokea katikati ikaenea. Mgongo wa Eldrid uliokuwa umekakamaa tangu jana ukalegea.

Gemu ilipokwisha kushushwa, nayo ikaleta maneno yake. Ikasema kompyuta hii haijafikia kiwango na mambo yanaweza kuharibika. Eldrid akabonyeza kuendelea. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akawa anapunguza kama mtu anayepunguza nywele zilizoota msituni: vivuli, toa, majani, toa, mawimbi ya maji, toa, vitu vya mbali, toa vyote. Kila alipotoa kitu, feni ilipungua makelele. Asgaut alivuta kiti, akamenya chungwa. Nyumbani kwake sasa hakuwa na cha kufanya.

Synne akaita kwenye visikizio kabla mlango wa gemu haujafunguka. "Mama? Upo?"

"Nipo, navaa viatu."

Na wakaingia. Kwa Synne, alivyosimulia, kulikuwa na bonde lenye ukungu wa asubuhi, umande kwenye nyasi, na mlima mweupe wenye jua kileleni. Kwa Eldrid kulikuwa na ardhi ya rangi ya uji, na milima kama viazi vilivyomenywa na mtu mwenye haraka. Mpagazi wa mwanawe hakuwa na pua. Eldrid ikabidi aseme. Alisema yote, Oslo, karatasi ya mlangoni, na kadi ya Asgaut, na Synne alicheka mpaka akashindwa kutembea; mpagazi wake akasimama katikati ya njia amepigwa na bumbuazi.

"Msalimie Mzee Asgaut," alisema alipopata pumzi. "Mwambie mtoto wake, hiyo kadi, anakimbia vizuri."

Asgaut, aliyekuwa akisikia kidogo kidogo kutoka pembeni, akaitikia kwa kichwa kama mzazi siku ya kupokea vyeti.

Wakashika njia. Mwendo wa Eldrid ulikuwa wa kukatika katika, kama mtu anayefumba na kufumbua macho, lakini mzigo aliubeba sawa na mikono yake haikusahau kitu. Waliongea mambo ya njiani, jiwe hili, kona ile. Kisha, kama desturi yao, walipokuwa wameshapanda kiasi, Synne akalitua la moyoni.

"Mama," alisema, "naogopa hiyo kazi."

"Unaogopa nini?"

"Jenereta ikizima kule, fundi ni mimi. Hakuna wa kumuuliza. Nikikosea hakuna atakayejua kwamba nimekosea mpaka watu waanze kupata baridi."

 Maneno ya kumliwaza Eldrid alikuwa nayo, ila aliyaona mepesi. Aliendelea kupanda, na hapo njia yake ikakatika. Mbele yake hakukuwa na kitu. Ukingo, halafu weupe mtupu, na chini weupe mtupu.

"Nimefika mwisho wa dunia," alisema. "Turudi?"

"Usirudi. Hapo mbele yako kuna daraja."

"Naona hewa."

"Kadi yako haijalichora. Mimi naliona. La kamba, lina mbao." Sauti ya Synne ilikuwa imebadilika, hapakuwa tena na mtu anayeogopa ndani yake, bali fundi aliye mbele ya mtambo. "Geuka kulia kidogo. Kidogo tena. Simama hapo. Sasa nenda moja kwa moja, na usiguse kitu kingine."

Asgaut aliacha chungwa. Aliinama kwenye skrini, akaona ule weupe, akatazama uso wa jirani yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumshauri mtu asubiri.

Eldrid akabonyeza. Mguu wa mpagazi wake ukatoka ukingoni, ukakanyaga pasipo na kitu, na haukuanguka. Akatia wa pili. Synne akawa anamhesabia mbao kwa sauti ya utulivu, akimwambia hapa upepo, hapa inama, hapa ubao mmoja umeoza ruka, na Eldrid akawa anafanya kama anavyoambiwa, hakuuliza swali, mpaka ardhi ya rangi ya uji ikatokea tena chini ya miguu.

"Umevuka," Synne akasema.

"Nimevuka bila kuona. Umeliona wewe, na nimeamini. Ulisema huko kisiwani huna wa kumuuliza; hapa umemuuliza nani?"

Synne akacheka kidogo puani, kama anavyocheka mama yake. "Sogea basi, nipishe. Nakuja."

Eldrid akamgeuza mpagazi wake, akautua mzigo chini, akangoja ng'ambo. Na kwenye skrini yake mwanawe akaja akitembea juu ya hewa, mzigo kichwani, wala hakuyumba.